Gololi Zilizogonga Tatu

Kazi yangu ni kuchagua gololi. Najua unacheka. Kila ninayemwambia hucheka, anadhani nashinda nimechuchumaa vumbini na watoto. Gololi ninazosema mimi ni za chuma, zile zinazokaa ndani ya beringi ili kitu kizito kizunguke bila kusagika: gurudumu, pampu, feni, kinu. Ndogo kabisa ni kama punje ya mtama na kubwa ni kama ndimu. Mashine inaweza kuwa kubwa kuliko nyumba, lakini inategemea vitu hivyo vidogo, na mtu wa kusema hizi zipite na hizi zirudi ni mimi. Kwa hiyo cheka, ukimaliza tuendelee.

Meza yangu iko dirishani, mwisho wa karakana. Juu yake kuna kioo kinene kilichopimwa kwa timazi, sumaku iliyofungwa uzi, tupa, bakuli la maji ya chumvi na fuawe ndogo ya chuma. Gololi zikija nazimwaga kwenye kioo nione kama zina upande mzito. Nazigusisha sumaku, nazipitishia tupa nione kama inauma. Kisha nazidondosha moja moja juu ya fuawe kutoka usawa wa kiwiko, nasikiliza. Chuma kilichoiva vizuri hudunda mara kumi na tano, hata ishirini, kikizidi kuharakisha mpaka milio inaungana. Kilicho laini hudunda mara nne au tano kisha kinalala. Tena, katika kila mzigo, nafumba macho, natia mkono sandukuni na kutoa gololi moja ya kuvunja kwenye presi. Hiyo moja inasemea wenzake. Bila kuivunja hujui ndani kuna nini, na hakuna tupa wala sumaku ya kukuambia.

Jumamosi ile zilikuja gololi ishirini na nne, za kijivu, saizi ya ndimu. Zilikuwa za gurudumu la juu la mgodi. Hilo ni gurudumu lililo kileleni mwa mnara, linalopitiwa na kamba ya kizimba, na kizimba ndicho kinachowateremsha watu shimoni. Beringi yake inataka gololi ishirini na mbili. Mtu anayepanda na kushuka na kizimba hicho kutwa nzima, akivuta kamba ya kengele kumwambia mwendesha winchi afanye nini, ni mdogo wangu wa tumbo moja. Mgodini wanamwita Kengele. Kabla yake kazi hiyo ilikuwa ya baba yetu, mpaka siku kamba ilipokatika baba akiwa kizimbani, miaka kumi na miwili iliyopita. Waliochunguza walisema kamba ilikuwa imechoka.

Sumaku ilizishika vizuri na tupa ikateleza. Nilivunja moja, na ndani yake palikuwa pamebana, pa kijivu kama kauri iliyopasuka, bila chembe wala ufa. Nikajisemea, leo nimeletewa chuma chenye adabu. Nikachukua ya kwanza nikaidondosha.

Ngo. Ngo. Ngo. Kisha kimya.

Haikupunguza kasi wala haikuharakisha. Iligonga mara tatu, kwa nafasi iliyo sawa, ikatulia pale pale juu ya fuawe kana kwamba mtu ameiwekea kidole. Nikaidondosha ya pili, nayo ikagonga tatu. Ya tatu, tatu. Nilipofika ya kumi nilikaa chini, maana milio ile niliijua. Nilikuwa nimeisikia tangu nikiwa mtoto. Ndivyo baba alivyovuta kengele kila alipoingia kizimbani, hata akiwa peke yake, na ndivyo alivyobisha mlango wetu kila jioni akirudi kazini: tatu, bila haraka.

Msimamizi wetu akaja. Tunamwita Bwana Leo kwa sababu hajawahi kutaka kitu kesho.

"Vipi, zimepita?"

"Sikiliza mwenyewe," nikamwambia, nikamkabidhi moja.

Akaidondosha. Tatu. Akatazama chini ya meza, akatazama juu, akaidondosha tena. Tatu. Akatoka, akarudi amebeba fuawe nyingine kutoka chumba cha wachomeleaji, jasho linamtiririka.

"Hii yako imechoka," akasema. "Weka kwenye hii."

Kwenye ile nyingine pia iligonga tatu. Mchomeleaji mmoja alikuwa akipiga mluzi kule mwisho wa karakana, akanyamaza. Bwana Leo akaitia mikono yake mifukoni, kitu ambacho sijawahi kumwona akikifanya.

"Zimetoka wapi?" nikamuuliza.

Akanisomea karatasi. Kiwanda kilikuwa kimeyeyusha chuma chakavu kilichokaa miaka nyuma ya uzio wa mgodi: ekseli ya zamani, magurudumu, na magunia ya mabaki ya beringi. Aliposema magunia nilishika ukingo wa meza. Gunia moja kati ya hayo nililifunga mimi kwa mkono wangu.

Ngoja niseme sasa, maana sipendi hadithi za kuzungushana. Miaka ile kumi na miwili iliyopita, maji yalikuwa yanachuruzika kwenye mnara na gololi za gurudumu la juu zilikuwa zinaliwa na kutu. Nikatoa wazo, nikiwa mgeni na mwenye maringo, kwamba tuweke gololi za chuma kisichoshika kutu. Zilikuwa nzuri, ungeweza kujitazama ndani yake. Zilikuja ishirini na mbili kamili, na beringi ilitaka ishirini na mbili kamili. Ningevunja moja, kazi ingengoja wiki tatu mpaka nyingine iletwe. Sikuvunja. Kwenye fomu nikaandika: imevunjwa moja, ni salama. Chuma kile kilikuwa laini kwa mzigo ule. Baada ya ajali beringi ilishushwa ikaletwa kwenye meza yangu, nikaifungua peke yangu, nikakuta gololi zimebonyea, zimegandana, zimelikaba gurudumu mpaka kamba ikaruka nje ya njia yake na kukatika. Nilizitia gunia. Nilifunga mdomo wa gunia na wangu pia. Nilimzika baba nikiwa nimenyamaza hivyo hivyo.

"Hizi sisaini," nikamwambia Bwana Leo.

"Kwa sababu gani? Tupa imesemaje?"

"Haiumi."

"Uliyoivunja?"

"Safi."

"Basi unazikataa kwa sababu ya wimbo?" Alijaribu kucheka. "Sikiliza. Jumatatu asubuhi gari ya mgodi inakuja. Kama hizi huzitaki, stoo kuna zile za kung'aa, saizi ile ile, hazijui kutu. Tunafunga hizo. Mimi sipendi hizi pia, sikufichi."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema kwamba zile za kung'aa haziwezi mzigo ule. Lakini angeuliza nimejuaje. Nikainamisha kichwa, nikavua aproni. Mdogo wangu angeshushwa shimoni juu ya gololi za aina ile ile iliyomuua baba, na mimi nilikuwa nanawa mikono kwa sabuni nikijiambia kwamba Jumatatu bado mbali. Sijawahi kujichukia kama siku ile. Nilipotoka nilitia gololi moja ya kijivu mfukoni, sijui kwa nini. Njia nzima gololi hiyo ilikuwa ya uvuguvugu, na nilipoihamisha mfuko wa pili ilibaki hivyo hivyo.

Jumapili mdogo wangu alikuja kula mchana. Naishi na mama, sisi wawili tu, vyumba viwili na ukumbi wa saruji. Macho ya mama yamefifia, anatembea akipapasa ukuta, ila masikio yake yanasikia mpaka mchwa wakitafuna. Alikuwa chumbani amejilaza tulipokuwa tunaondoa sahani.

Mdogo wangu akaiona gololi kwenye rafu.

"Ndiyo itakayonibeba hii?"

"Iache, we!"

Nilichelewa. Alishairusha juu akaidaka, akairusha tena, ikamponyoka ikaanguka kwenye saruji. Ngo. Ngo. Ngo.

Saruji haidundishi chuma hivyo. Yeyote anajua. Kabla hatujatazamana, kitanda cha mama kililia, tukasikia kiganja chake kikipapasa ukutani. Akatoka amejifunga khanga, uso wake umechangamka jinsi ambavyo sijauona kwa miaka. Akatupita. Akafika mlangoni, akaondoa komeo, akaufungua mlango wote.

Nje palikuwa na jua, ua mtupu na ndoo yetu ya kufulia.

"Leo umewahi," mama akamwambia asiyekuwepo. "Ingia basi, chakula bado cha moto."

Akasogea pembeni, kama mtu anayempisha mwingine. Kisha akavuta kiti cha baba kutoka mezani, akakigeuza kidogo upande wa kulia, kwa ajili ya goti lake bovu. Tulisimama kama tumepigiliwa misumari. Mdogo wangu alijaribu kuurudisha mlango polepole, na mama akamkaripia.

"Acha! Usimfungie baba yako nje."

Tukauacha. Mlango ule ulikaa wazi Jumapili ile, na siku zilizofuata, kutwa kucha. Mama alilala upande ambao angeweza kuusikia.

Nilimvuta mdogo wangu uani nikamweleza kuhusu gololi zote ishirini na tatu zilizobaki na zinavyogonga. Mengine yangu sikumwambia. Nilimwambia tu kwamba baba anatuonya, kwamba chuma hicho kina kifo ndani yake, na kwamba nimekikataa.

Alikaa kwenye ndoo akafikiri. Yeye ni mtu wa maneno machache, tofauti na mimi.

"Dada, umekosea," akasema. "Tatu si onyo."

"Si onyo vipi? Si ndiyo aliyogonga baba?"

"Kila siku aligonga. Na mimi nagonga kila siku. Tatu maana yake watu wamo ndani, twende taratibu. Basi. Ni salamu tu ya kazi." Akaitazama mikono yake. "Onyo ni moja. Ukisikia moja, unasimamisha kila kitu, huulizi."

Akainuka ghafla, akageuzia uso ukutani. Nikadhani ni kumbukumbu ya baba tu.

Jumatatu nilifika karakana mapema, na Bwana Leo alikuwa amenitangulia. Alikuwa ameshafungua sanduku la stoo na kuzipanga gololi za kung'aa kwenye kreti ya mgodi, juu ya karatasi yenye mafuta. Jua la dirishani liliziwakia. Zilikuwa nzuri kama zilivyokuwa siku zile.

"Saini hapa," akasema. "Na hapa. Gari iko nje."

Ilikuwa nje kweli, na aliyeteremka kuja kuchukua kreti alikuwa mdogo wangu. Alisimama mlangoni na kofia yake ngumu kwapani, akimsalimu kila mtu. Nikashika kalamu. Nikasoma mstari ule wa fomu: imevunjwa moja. Nikahesabu gololi kwenye kreti. Ishirini na mbili. Hakukuwa na ya ziada stoo.

Nikaiweka kalamu, nikachukua gololi moja ya kung'aa nikaidondosha juu ya fuawe.

Ngo.

Mara moja tu. Haikudunda hata unene wa kucha. Ilinasa pale, iking'aa, na mlio wake ulikatika katikati kama umezibwa kwa kiganja. Nikachukua ya pili. Moja. Ya tatu. Moja. Chuma laini hudunda mara nne au tano, nimekwambia. Hakuna chuma duniani kinachogonga mara moja na kunyamaza.

Nikageuka. Mdogo wangu alikuwa ameangusha kofia. Mkono wake wa kulia umenyooka juu, kiganja wazi, ishara wanayompa mwendesha winchi, na sidhani kama alijua ameuinua.

"Simama," alikuwa anasema, kwa sauti ndogo. "Simama, simama, simama."

Basi nikasema. Nilisema nikiwa nimeshika meza, na sikuchagua maneno. Kwamba gololi za gurudumu la juu mwaka ule zilikuwa za aina hii. Kwamba zilikuja ishirini na mbili na zote ishirini na mbili zilifungwa, na kama kuna mtu angejisumbua kuhesabu angejua sikuvunja hata moja. Kwamba kamba haikuwa na kosa. Kwamba nilizikuta zimebonyea nikazificha.

"Baba alikufa kwa mkono wangu," nikamwambia mdogo wangu. "Na tangu Jumamosi nilikuwa nakaribia kukuua na wewe, kwa woga tu. Ndiyo hivyo."

Bwana Leo alivuta kiti akakaa. Kwa mara ya kwanza hakuwa na haraka ya chochote. Nilingoja mdogo wangu anipige, anitukane, atoke. Angefanya lolote ningemshukuru. Alikuja mpaka mezani, akaziokota zile gololi tatu za kung'aa moja moja, akazirudisha kwenye kreti.

"Aligonga moja," akasema.

"Nani?"

"Baba. Siku ile mimi nilikuwa juu, kwenye kengele, nampokelea winchi ishara. Aligonga tatu, tukamshusha. Halafu katikati akagonga moja." Akaushika upande wa kreti. "Moja tu, dada. Nikasema mkono umemteleza, atagonga tena. Nikangoja agonge tena. Winchi inazunguka, na mimi nangoja."

Miaka kumi na miwili tumekula sahani moja, kila mmoja na lake, kila mmoja akijidhani ndiye peke yake. Nilimshika shingoni, akanilalia begani na vumbi lake lote, tukalia mbele ya wachomeleaji bila haya.

Fomu nilisaini. Niliandika kwamba gololi za kung'aa zimekataliwa na sababu yake, na kwamba za kijivu zimepita, imevunjwa moja kweli, nusu zake mbili ziko mezani. Kisha nikageuza karatasi, nikaandika nyuma yake habari ya fomu ile ya zamani, tarehe na jina langu.

"Ikifika mgodini hii, meza hii si yako tena," Bwana Leo akasema. Hakuwa anatisha, alikuwa anasikitika.

"Najua."

"Unaweza kuiandika kesho," akasema. Bwana Leo! Nikacheka, machozi yakiwa bado usoni, nikamkabidhi.

Jumatano, jua la utosini, nilisimama chini ya mnara kati ya watu wa mgodi, ambao habari ilikuwa imewafikia na ambao walikuwa wameniachia nafasi pande zote. Mdogo wangu aliingia kizimbani peke yake. Hakunitazama, alikuwa kazini. Kengele ikalia tatu, bila haraka. Juu kule gurudumu likaanza kuzunguka. Nilitega sikio kusikia mkwaruzo, mlio, chochote, na sikusikia kitu. Kamba ilishuka, ikashuka, ikasimama. Mikono yangu ilikuwa inauma kwa kukunja ngumi. Kisha kamba ikaanza kupanda. Alipotoka alinipita karibu, akasimama kidogo.

"Kinateremka laini," akasema, akaenda kuwaita watu wa zamu.

Nilikuwa nimebaki na gololi moja, ile ya ziada, aproni na barua ya kuachishwa kazi. Nilifika nyumbani mchana bado mkubwa. Mlango ulikuwa wazi kama mama alivyotaka, vumbi limeingia mpaka chini ya meza, na yeye amekaa karibu na kile kiti kilichogeuzwa. Nilikaa sakafuni miguuni pake, nikamwambia yote, kuanzia zile ishirini na mbili za kwanza. Hakunikatisha. Nilipomaliza alinyoosha mkono akapapasa uso wangu, paji, pua, kidevu, kama anahakikisha ni mimi, halafu akauondoa akaulaza mapajani. Hakusema amenisamehe. Hajasema hata leo.

"Unayo moja?" akauliza.

"Ninayo."

"Iangushe."

Niliitoa mfukoni. Ilikuwa ya baridi. Nikaidondosha kwenye saruji, ikadunda kidogo kidogo ikakimbilia chini ya kabati, vurugu tu ya milio, kama gololi nyingine yoyote. Nikaifuata kwa magoti, nikairudisha, nikaidondosha tena. Nikarudia. Nilikuwa naiangusha kwa upole, kutoka usawa wa kiwiko, kama ninavyojua, nikingoja zile tatu, na sikuwa naogopa tena, nilikuwa nazitaka. Nilimwita kwa sauti. Baba, nikasema, mara moja tu basi.

Mama alisikiliza mpaka gololi ilipotulia.

"Inatosha, mwanangu," akasema. Akakirudisha kiti mezani, akakinyoosha. "Ameshateremka. Funga mlango."